Je, Wajua? Nyuzi Zinazokaa Ndani ya Moto

Je, wajua kwamba nyungu haipasuki kwa sababu ya moto? Imezaliwa ndani ya moto, na moto haiuogopi. Kinachoivunja ni tofauti. Nyungu imekauka juu ya mafiga, imeshika joto lake lote, halafu mtu anatia kata ya maji baridi. Upande wa ndani unanywea ghafla, upande wa nje bado umetanuka, na udongo uliochomwa haujui kunyumbulika. Chuma kingejikunja kidogo na kutulia. Udongo hauna nafasi hiyo. Kasoro ndogo isiyoonekana kwa jicho, labda punje ya mchanga au kitundu cha hewa, inageuka kuwa ncha ya ufa, na ufa unapita kutoka mdomo hadi kitako kabla mtu hajavuta pumzi.

Kila mama wa kwetu Maniema, mashariki ya Kongo, aliyewahi kupoteza nyungu namna hiyo anajua tayari nusu ya elimu ambayo viwanda vya injini za ndege vimeitumikia kwa miaka hamsini. Seramiki, yaani jamii yote ya vitu vilivyochomwa vikawa vigumu, kuanzia tofali letu hadi sahani ya kauri, ina vitu vinavyostahimili joto ambalo linageuza chuma kuwa uji. Ugonjwa wake ni mmoja tu: ufa ukianza, hakuna wa kuusimamisha. Dawa iliyopatikana ni kutia nyuzi ndani yake.

Hapo lugha yetu inatutega. Kiswahili kinaita nyuzi vile vya kufumia nguo, na kinaita nyuzi vilevile vipimo vya joto. Katika makala haya nyuzi zitakuwa za kufuma, na joto nitalihesabu kwa digrii za Selsiasi.

Je, wajua kwamba wazo lenyewe liko ukutani kwako? Nyumba ya miti na potopoto haikandikwi kwa udongo mtupu. Watu hukatakata majani makavu na kuyakanyaga pamoja na tope, kwa sababu udongo ukikauka hupungua, na ukipungua hujivuta mpaka kuachana. Majani yanashika pande mbili za ufa unaotaka kuanza na kuzizuia zisitengane.

Ukichoma udongo huo, majani yanaungua mapema sana, kwenye digrii mia tatu hivi, tanuri ikiwa haijaanza hata kuwa nyekundu. Palipokuwa na jani panabaki kitundu. Ungedhani kazi imepotea, lakini kitundu nacho kinafanya kazi. Ufa una nguvu kwa sababu ncha yake ni kali kama ya wembe, na nguvu zote za mvutano zinakusanyika pale nchani. Ukifika kwenye kitundu, ncha inakuwa butu, na ufa unakosa pa kushika. Ndiyo maana vyombo vilivyochanganywa na majani au makapi huwa laini kidogo, hukwaruzika upesi, lakini huvumilia kupashwa na kupozwa mara nyingi kuliko chombo kilichoshikana sana.

Wafinyanzi wengi hupendelea kuchanganya vigae vilivyopondwa badala ya mchanga. Hapo pana sababu ya fizikia ambayo mikono iliijua kabla ya vitabu: mchanga mweupe wa kwatzi, ukifika digrii 573, hubadilisha mpangilio wake na kuvimba kwa ghafla, ukisukuma udongo uliouzunguka. Kigae kilishapita motoni mara moja, kwa hiyo kikirudi hakina jambo jipya la kufanya.

Je, wajua kwamba watu wa Finlandi na Karelia walifinyanga vyungu vyenye nyuzi za asbestosi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita? Asbestosi ni jiwe linalochambuka kama pamba, wala haliungui kama jani. Hii ni seramiki ya nyuzi kwa maana kamili. Leo tunajua kwamba vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani miaka mingi baadaye, na nchi nyingi zimelipiga marufuku.

Sasa twende kwa wahunzi, maana hapo ndipo udongo ulipofikishwa mpaka wake.

Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyepita nchi ya Manyema mwaka 1874 akielekea Nyangwe, aliandika kuhusu mahali pa kuyeyushia chuma alipokuta tanuri za udongo na mivukuto ya mbao. Wakati huo mji wetu wa Kasongo ulikuwa ukigeuka kuwa makao ya mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, yule tunayemwita Tippu Tip, na misafara ya kutoka pwani ndiyo iliyotuletea Kiswahili hiki tunachoandikia. Uhunzi haukuletwa na misafara hiyo. Ulikuwepo tayari.

Shida ya mhunzi haikuwa tanuri peke yake. Shida ilikuwa mrija wa udongo unaopitisha hewa ya mivukuto hadi katikati ya makaa. Makaa yanayopulizwa vizuri hupita digrii 1,200 bila taabu, na mdomo wa mrija ndio unaokaa mahali pakali kuliko pote. Huko nje una baridi ya asubuhi, huku ndani umezungukwa na mavi ya chuma yanayotiririka na kuula udongo kama chumvi inavyokula bati. Mrija huo ulitengenezwa ukijulikana kwamba utakufa. Sehemu nyingi za Afrika walichanganya udongo wake na majani au makapi ili usipasuke kabla kazi haijaisha.

Habari iliyoandikwa vizuri kuliko zote inatoka Uhaya, magharibi ya ziwa Viktoria, katika mkoa wa Kagera, Tanzania. Miaka ya 1970 Peter Schmidt, mwanaakiolojia, na Donald Avery, mtaalamu wa metali, waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuri ambazo zilikuwa zimeachwa kwa miongo kadhaa, tangu chuma cha bei rahisi kutoka ng'ambo kilipoingia. Wazee walichimba shimo, wakalipaka udongo wa kichuguu. Kisha wakalijaza majani ya kinamasi yaliyounguzwa nusu, ambayo yalibaki kama mifupa myeusi ya kaboni, na juu yake wakajenga tanuri. Mirija iliingizwa ndani kabisa, si mlangoni. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science, ikisema kwamba joto lilizidi digrii 1,800, na kwamba hewa ilikuwa inapata moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu jambo hilo la pili, na ubishi haujaisha. Lakini tanuri iliwaka, chuma kilipatikana, na mabaki ya chini ya ardhi katika eneo hilo yanaonyesha uyeyushaji wa karibu miaka 2,000 iliyopita.

Mimi kinachonishika ni ule udongo wa kichuguu. Mchwa huchagua chembe ndogo ndogo na kuzipandisha juu, akiacha kokoto chini. Wazee wale hawakuhitaji ungo wala maabara. Walikuwa na mdudu aliyewachekechea udongo tangu enzi na enzi.

Je, wajua kwamba udongo mzuri hujitengenezea nyuzi zake? Ukichukua udongo wa kaolini, ule mweupe, ukaupeleka juu ya digrii 1,100 na kuendelea, ndani yake huanza kuota fuwele zinazoitwa mulaiti. Zina umbo la sindano, na zikiwa nyingi hufungamana kama nyasi za kiota. Jina limetokana na kisiwa cha Mull huko Uskoti, mojawapo ya mahali pachache duniani ambapo hupatikana kiasili. Katika Hesse, Ujerumani, mafundi walitengeneza vyungu vya kuyeyushia madini vilivyosifika Ulaya nzima kwa karne nyingi, na siri yao haikujulikana hadi mwaka 2006, watafiti walipoonyesha kwamba ilikuwa mulaiti. Tofali la Kasongo haliifikii, kwa sababu tanuri zetu za kuni huishia karibu na digrii 900 au 1,000.

Na jiko la Nairobi, linaishije na ufa? Lile jiko la makaa lenye kiuno, bati nje na udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, nalo hupasuka udongo wake baada ya muda. Lakini mwenye nyumba anaendelea kupikia. Koti la bati linabana vipande mahali pake, na kipande kilichobanwa hakina pa kwenda.

Tufike sasa kwenye nyuzi zenyewe.

Mwaka 1975 Seishi Yajima, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Tohoku huko Japani, alionyesha njia ya ajabu. Alichukua kitu cha jamii ya plastiki chenye silikoni na kaboni ndani yake, akakivuta kuwa uzi kama mtu anavyovuta uzi wa nailoni, kisha akauchoma juu ya digrii 1,200 bila hewa. Plastiki ikaondoka, uzi ukabaki, na uzi huo sasa ulikuwa silikoni kabidi, kitu kigumu kinachosagia visu. Unene wake ni kama moja ya tano ya unywele. Nyuzi mia tano zikikusanywa pamoja hufanya kamba unayoweza kuifuma kama kitambaa. Fikiria kitambaa cha jiwe.

Kitambaa hicho hukatwa, hupangwa tabaka juu ya tabaka, na nafasi zilizo kati ya nyuzi hujazwa silikoni kabidi ileile, ama kwa gesi inayoacha masizi magumu, ama kwa silikoni iliyoyeyuka inayonyonywa ndani kama mafuta yanavyopanda katika utambi. Kwa hiyo nyuzi na mwili wake ni kitu kimoja. Mtu atauliza: kama ni kitu kimoja, faida iko wapi? Ufa si utapita mwilini na nyuzini bila kuona tofauti?

Utapita kweli, ukiacha hivyo. Siri iko katika ngozi. Kila uzi hupakwa kwanza utando wa nitridi ya boroni, mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, laini, unaoteleza. Ufa ukija mbio kupitia mwili mgumu, unakutana na utando huo na kuona njia rahisi zaidi: badala ya kukata uzi, unageuka na kutambaa kandokando yake. Hapo nguvu zinamwagika. Uzi unabaki mzima, umeshika ng'ambo mbili za ufa. Ukizidi kuvutwa, unachomoka polepole kama mshipi kutoka kwenye tope, na kila milimita ya kuchomoka inakula nguvu. Kitu ambacho kingevunjika kama sahani sasa kinatoa onyo, kinalegea kidogo kidogo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahandisi hawa hawauzibi. Wanaupoteza njia.

Nashikilia kwamba hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika elimu hii, na mara nyingi husimuliwa upesi upesi. Watu husifu ugumu wa nyuzi, lakini bila ule utando dhaifu unaokubali kuachia, nyuzi zisingefaa kitu.

Je, wajua kwamba kitu hiki kinatua Dar es Salaam kila siku ambayo ndege fulani zinaruka? Oktoba 2023 Air Tanzania ilipokea Boeing 737 MAX 9, na injini zake ni LEAP, zinazotengenezwa na CFM, ushirika wa GE ya Marekani na Safran ya Ufaransa. Ethiopian Airlines na Oman Air nazo zina ndege za jamii hiyo. Ndani ya kila injini ya LEAP, pete inayozunguka mapanga ya kwanza ya turbini imeundwa kwa vipande 18 vya seramiki yenye nyuzi. Injini hizo zilianza kubeba abiria mwaka 2016, na ilikuwa mara ya kwanza kwa seramiki ya namna hiyo kukaa mahali pa moto mkali kiasi hicho katika injini ya ndege za abiria.

Mahali penyewe ni pa kutisha. Gesi inayotoka kwenye chumba cha moto ina joto kupita kiwango cha kuyeyuka cha metali inayoizunguka. Nikeli huyeyuka kwenye digrii 1,455, na aloi zake huanza kulegea chini ya hapo. Ndiyo maana mapanga ya metali hutobolewa matundu na kupulizwa hewa baridi bila kukoma. Hewa hiyo inaibwa kutoka kwenye kazi ya kusukuma ndege, na wizi huo hulipwa kwa mafuta. Seramiki ya nyuzi hufanya kazi hadi karibu digrii 1,300 ikihitaji hewa kidogo sana, na uzito wake ni kama theluthi moja ya aloi ya nikeli. Tena mpaka wake wa juu una sababu inayojulikana: ile silikoni iliyonyonywa wakati wa kutengeneza huacha mabaki ndani, na silikoni tupu huyeyuka kwenye digrii 1,414.

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa seramiki hii ni maji? Silikoni kabidi ikipata oksijeni ya moto hujivika utando wa kioo, silika, na utando huo huzuia oksijeni isiingie zaidi. Ni ulinzi mzuri, mpaka mvuke unapotokea. Na mvuke hautakosekana, kwa sababu mafuta yakiungua huzaa maji. Katika joto na mgandamizo wa turbini, mvuke huchukua kile kioo na kukigeuza gesi inayopeperuka. Utando mwingine unajengwa, unapeperushwa, unajengwa tena. Kitu kinaliwa kimya kimya, bila kupasuka wala kuyeyuka. Wanasayansi wa NASA katika kituo cha Cleveland walilichunguza jambo hili kwa undani miaka ya 1990, na leo vipande hivi hupakwa koti la nje lenye itabiamu na silika, ambalo mvuke haulimalizi upesi.

Koti hilo nalo lina adui wake, vumbi. Mchanga wa jangwani na majivu ya volkano huanza kuyeyuka karibu na digrii 1,200, huganda juu ya koti kama sukari iliyoungua, kisha hupenya. Ndege za Muscat na Dubai zinaishi na mchanga huo. Sisi wa mashariki ya Kongo, tuliomwona Nyiragongo akimwaga moto juu ya kiwanja cha ndege cha Goma mwezi Januari 2002, hatuhitaji kuambiwa kwamba volkano na ndege si majirani wema.

Lipo jambo jingine linalokwenda kinyume na akili ya kawaida: joto la katikati laweza kuumiza kuliko joto kubwa. Seramiki iliyopata ufa mdogo, ikikaa juu ya digrii 1,100, hutengeneza kioo cha kutosha kuujaza ule ufa, nao hujifunga. Lakini kwenye digrii 700 au 800 kioo kinaota polepole mno. Oksijeni inaingia kwanza, inakula ule utando laini wa nyuzi, na nyuzi zinagandana na mwili. Zikishagandana, ufa unaofuata hautageuka tena. Utapita moja kwa moja.

Ipo jamii ya pili ya seramiki za nyuzi, iliyotengenezwa kwa alumina na mulaiti, ambayo haiogopi oksijeni kwa kuwa imeshaungana nayo tangu mwanzo. Haipandi juu sana, huishia karibu na digrii 1,100 au 1,200. Lakini angalia ilivyotengenezwa: mara nyingi haina utando wa kuteleza hata kidogo. Mwili wake umeachwa makusudi ukiwa na vitundu vingi, kama mkate, ili ufa umomonyoke ndani ya vitundu kabla ya kuufikia uzi. Vitundu! Nilipoisoma mara ya kwanza nilifikiria nyungu yenye majani yaliyoungua.

Je, wajua kwamba ardhi ya Maniema ina mkono katika mambo haya? Mkoa wetu unatoa kasiterite, koltani na volframi, na ndani ya koltani mna tantali. Watu wengi wameambiwa kwamba tantali inakwenda kwenye simu, na ni kweli. Lakini sehemu yake huingia pia katika aloi za nikeli za mapanga ya turbini, zile zile ambazo seramiki inashindana nazo. Na tantali ikiunganishwa na kaboni huzaa seramiki ambayo, kwa vipimo vilivyofanywa na watafiti wa Imperial College London na kutangazwa mwaka 2016, huyeyuka kwenye digrii 3,768. Ndugu yake, kabidi ya hafni, ilifika 3,958. Chuma cha reli ya Kindu kingekuwa maji tangu digrii 1,538. Kijana anayeosha mchanga mtoni kutafuta koltani anashika mkononi mbegu ya vitu vinavyostahimili moto kuliko karibu vyote duniani, na analipwa kwa kilo. Ningependa shule zetu za ufundi ziwe na hata tanuri moja ya umeme ya kumwonyesha kinachofuata baada ya kilo ile.

Nyuzi hazikingi kila kitu. Kingo za mabawa ya chombo cha anga Columbia zilikuwa za nyuzi za kaboni ndani ya kaboni, zimepakwa silikoni kabidi, na zilistahimili digrii 1,650 wakati wa kurudi duniani. Kipande cha povu jepesi kilichobanduka wakati wa kuruka kilizigonga na kutoboa tundu. Siku ya tarehe 1 Februari 2003 gesi ya moto iliingia humo, na wanaanga saba wakafa. Joto lenyewe ukingo ule ungelivumilia. Uliumizwa na pigo lililotangulia joto.

Na kabla ya kuweka kipande cha seramiki injinini, unajuaje kwamba hakina ufa ndani? Sokoni Kasongo mnunuzi wa nyungu huishika kwa mkono mmoja, huigonga kwa kifundo cha kidole, na kuinamisha sikio. Nzima inalia sauti ndefu. Yenye ufa inajibu kwa sauti fupi, butu, kama imezibwa mdomo. Katika maabara wanafanya jambo lilelile: hubandika vipokea sauti vidogo juu ya kipande, hukivuta kwa mashine ndani ya tanuri, na kusikiliza. Uzi mmoja ukikatika hutoa mlio ambao sikio la mtu haliwezi kuupata. Chombo kinauandika, kisha unaofuata, kisha unaofuata.